Tumbawe Lako Lafa Ukumbini

Baba Saidi,

Rehema za Mola zikufikie huko uliko, na maneno yangu nayo yakufikie, maana nina hasira nawe. Mwandiko usiucheke, ni wa gumbaru, wa kusomea ukubwani. Umekwenda zako ukaniachia bahari ndani ya nyumba. Wenzangu huachiwa mbuzi, huachiwa mnazi. Mimi nimeachiwa tangi la kioo hapa Bofu, na matumbawe matatu yanayopumua, na kuyatunza hukunifunza.

Mawili yamekufa. Nakwambia mapema.

Yalianza kupauka siku za hitima. Nyumba imejaa watu, dadako Fatuma akasimama mbele ya kioo akasema, "Wifi, mawe yametakata, hongera." Wenziwe wakaitikia. Kwao tumbawe ni jiwe la kujengea na kuchomea chokaa, likiwa jeupe ndiyo uzuri wake. Mimi nilijua si uzuri. Uliyatoa pwani ya Shelly, ulipokuwa ukizamia samaki wa mapambo, yakiwa rangi ya mdalasini. Na ulikuwa ukinambia, "Likiwa jeupe ni mfupa, Mama Saidi, nyama imeshatoka."

Nikalaumu ubani, nikatoa chetezo nje. Nikalaumu jua la dirishani, nikatundika kanga. Pampu yako ya kupuliza nimeisikiliza kama kifua cha mtoto mwenye pumu. Yapuliza. Maji nayo yakishuka kwa joto la mabati, namtuma Fatuma pwani na ndoo, kwa kuwa nimo edani, mguu hautoki mlangoni. Analeta maji safi ya bahari, najaza. Yakishuka, najaza tena. Najisifu moyoni: kiumbe cha bahari nakipa bahari. Na tumbawe la pili likafa nikilitazama, ute ukilichuruzika kama kamasi.

Halafu siku moja Fatuma akanipikia mchuzi wa papa, akausahau motoni. Nikaonja, chumvi imekolea, nikamuuliza, "Wifi, wataka nimfuate kaka yako?" Akacheka, akachota maji akatia. Maji, si chumvi. Nikaacha tonge sahanini, nikaenda kulamba kioo pale juu palipoganda ukoko mweupe. Chumvi tupu. Nikatia kidole majini nikaonja. Makali, yachoma ulimi. Kumbe kila ndoo nimeongeza chumvi.

Ndipo nikakuona, Baba Saidi, na bakuli lako la maji ya mvua kila asubuhi, ukitia kidogo kidogo, nami nikikucheka: chumvi na tamu wapi na wapi, mzee akili zimechoka. Nawe hujibu, "Chumvi hairuki, Mama Saidi." Basi, umemaliza. Mtu mzima anajibu hivyo? Ungenambia mchuzi ukikauka huongezwa maji, ningekufahamu papo hapo. Miaka yote hiyo umekula jikoni kwangu, ukashindwa kusema nami kwa lugha ya jikoni.

Tangu hapo natia maji ya mvua, bakuli asubuhi, bakuli jioni, naogopa kutia kwa pupa. Lakini kata yagonga chini ya mtungi, na mbingu kavu. Maji ya mfereji uliyakataza, kwa ile dawa yake. Lililobaki ni lile dogo la pembeni, ambalo wajukuu huliita kofia ya babu. Upande mmoja ni mfupa. Upande wa pili una rangi bado. Leo nilikaa nalo mpaka adhana ya magharibi, nikaona vidole vyake vimechomoza, kisha vikarudi ndani. Sijui ni uhai au ni kukata roho. Wewe ungejua. Nilikuuliza kwa sauti, Fatuma akadhani nina homa.

Nguo zako wamezigawa. Kitanda kimetolewa uani. Katika nyumba hii, kilichozoea mkono wako na bado kinapumua ni hicho tu, na mimi.

Lala, mume wangu. Siku nikitoka eda watanipeleka pwani kuoga, kama ada yetu. Nitashika ndoo mwenyewe, kofia yako imo ndani, hai au mfupa, na nitaingia maji mpaka kifuani, mimi nisiyejua kuogelea, niirudishe ulikoitoa. Ikiwa hai, usinishukuru. Ikiwa mfupa, usininunie.

Na kama huko wanakusikiliza kuliko nilivyokusikiliza mimi, niombee mvua.

Mkeo,
Mama Saidi