Yupo, Amehama, Amefariki

Ifakara, Jumanne, Mei 1996

Mvua iliyoanza alfajiri imebaki manyunyu tu jioni hii. Ninaandika nikiwa kwenye benchi la varanda ya wodi ya watoto, na tope limenikaukia kwenye sketi. Nina hasira. Hasira za chuoni nilizizoea, zile za mabango na nyimbo, ambazo mtu huwaelekezea wakubwa kisha akalala usingizi mzuri. Hii ya leo ni ngeni kwangu. Kila nikiielekeza kwa mwingine, inanirudia.

Chuo kilipofungwa baada ya mgomo wetu, nilirudi nyumbani na sanduku la vitabu na koo lililokauka. Mradi mmoja wa afya ya watoto, uliopanga vyumba viwili mtaani kwetu Viwanja Sitini, ukanipa kazi ya muda ya kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Baba alishukuru kwamba hatimaye nimepata kazi ya kukaa kimya.

Sikukaa kimya.

Mwezi wa tatu wazazi walitakiwa kuwaleta watoto watobolewe kidole na kupimwa damu. Wengi walisita, wengine walinong'ona kwamba damu hiyo inakwenda kuuzwa. Mradi ukanipa kipaza sauti. Ninayakumbuka maneno yangu yote, kwa sababu niliyapenda: "Ndugu zangu, mashine hii haisinzii, haipendelei, haisahau! Jina la mwanao likishaingia humo, hutamlinda tena peke yako!" Wakapiga makofi. Kinamama wakajipanga mstari, na wa kwanza alikuwa Mama Tunu, jirani yetu wa nyumba ya tatu, akiwa amempakata bintiye wa miaka mitatu.

Nilitembea siku ile kama mtu aliyeikomboa nchi.

Asubuhi ya leo nilikuwa ninachapa orodha ya watoto waliokutwa na damu pungufu. Kwa kawaida siyaoni majina. Fomu zinazonifikia zina namba za nyumba tu, na mtembeleaji wa mradi akipita nyumbani huandika tarakimu moja kati ya tatu. Moja, yupo. Mbili, amehama. Tatu, amefariki. Ninaziingiza mamia kwa mamia, vidole vinakwenda, akili iko kwingine. Leo majina yalitoka, na katikati ya karatasi nikamwona Tunu. Damu yake ilikuwa ndogo mno. Pembeni mashine ilikuwa imeandika kwamba amehama, na kwa hiyo ameondolewa kwenye ufuatiliaji.

Amehama! Nani katika bonde hili hajui kwamba mpunga ukitoa masuke watu hufunga nyumba zao za mjini na kwenda shambani kuamia ndege? Wanalala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, hadi mavuno. Kufuli mlangoni majira haya maana yake ni kwamba mtu anakilinda chakula chake. Mtembeleaji alilikuta kufuli hilo mara tatu, akaandika mbili kwa kuwa hakuwa na tarakimu nyingine ya kuandika. Na aliyeiingiza mbili hiyo kwenye kompyuta, bila hata kupunguza mwendo wa vidole, ni mimi.

Nilimwendea msimamizi wangu. Ni mtu mpole, mvaa tai hata kwenye joto. Nikamwambia programu haina nafasi ya mtu aliye shambani. Akakubali kwamba haina. Nikamwambia basi iongezwe.

"Iliandikwa Ulaya, dada," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeeleza kwa nini masika huleta mvua.

Nilichukua baiskeli ya Baba nikaenda Kivukoni, nivuke mto kwenda mashambani. Kwenye pantoni vijana wanaonijua wakaanza zao: "Komredi, leo unakwenda kuwagomesha viboko?" Siku nyingine ningewajibu hadi tufike ng'ambo. Leo nilitazama maji tu.

Nilimkuta Mama Tunu juu ya dungu, akivuta kamba zilizofungwa makopo ili kuwatisha ndege. Mumewe yuko Kidatu, anakata miwa. Shamba lote liko mikononi mwake. Aliponiona alicheka kwa furaha.

"Karibu, mdogo wangu! Si nilijua tu mtakuja!"

Tunu alikuwa amelala kwenye mkeka nyuma yake. Nzi alitembea shavuni mwake naye hakumfukuza. Nilikifunua kiganja chake; kilikuwa cheupe kama ndani ya muhogo. Alihema mbiombio kama aliyetoka kukimbia.

"Dada, mbona hukumrudisha kupimwa?"

"Nimrudishe wapi tena?" Akafungua mfuko wa nailoni uliokuwa umening'inizwa kwenye nguzo, juu ya kichwa cha mtoto. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya kompyuta, ile yenye matundu pembeni, imekunjwa vizuri kuliko vyeti vyangu. "Hii hapa karatasi yake mliyotupa. Tangu tumefika haijalowa hata siku moja."

Karatasi iliandikwa Kiingereza. Ilisema mtoto ana upungufu mkubwa wa damu, na kwamba aletwe baada ya wiki mbili apimwe tena na kupewa dawa. Ilikuwa imekaa pale juu ya kichwa chake karibu miezi miwili.

"Na hukumpa mtu akusomee?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo lililokwisha. "Msomaji wangu ni wewe. Nawe ulishatusomea sote siku ile, kwenye kipaza sauti. Ulisema haisahau. Nikasema, kukiwa na neno itatuita."

Niliikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile nikamrudishia.

Mama huyu alikuwa anaisubiri mashine. Mashine ilikuwa imekwisha kumfuta.

Tulimfunga Tunu mgongoni mwa mama yake, mama akapanda nyuma ya baiskeli, nami nikaisukuma palipokuwa na tope na kuiendesha palipokuwa pagumu. Ndege waliachiwa mpunga. Hospitalini hawakupoteza muda. Damu ya mama ikapimwa ikafaa, na sasa hivi inaingia kwa mtoto tone kwa tone. Muuguzi ametuambia tusitarajie jibu kabla ya asubuhi.

Nimekaa hapa nikitafuta wa kumlaumu, na nimewapata wengi. Yupo aliyeandika programu bila kuliona dungu maishani mwake. Yupo aliyeamua kwamba mama wa Ifakara aarifiwe habari za mwanawe kwa Kiingereza. Nitawaandikia, tena kwa ukali. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyesimama mbele ya Mama Tunu akamwambia aache kuwa macho. Hilo nililifanya mimi, kwa Kiswahili safi, nikapigiwa makofi. Niliwataka waiamini mashine, nami sikutumia hata dakika moja kuwaeleza inajua nini na haijui nini.

Jumapili baada ya misa nitakiomba tena kile kipaza sauti. Nitasema nilikosea. Nitasema mashine hujua kile tu ilichoambiwa, na kwamba anayeiambia ni binti wa jirani yao, ambaye huchoka na husinzia. Nitasema aliyepewa karatasi asikubali kuondoka kabla hajasomewa. Sijui kama watapiga makofi. Sijui kama Mama Tunu atakuja kusikiliza.

Msimamizi amepita hapa sasa hivi, tai imelowa, akiwa na chupa ya uji kwa ajili ya mama. Alipokuwa akiaga, akainamisha macho na kuniambia kwamba kesho rekodi ya mtoto lazima isahihishwe, ile mbili iondolewe. Hakusema iwekwe nini. Sikumuuliza.

Kupitia dirishani ninamwona mama ameushika mguu wa Tunu, hauachii. Ule mfuko wa nailoni ameuweka chini ya mto.

Kesho saa mbili nitakaa mbele ya kioo cha kompyuta, na mashine itaniuliza. Ee Mungu, nipe niandike moja.