Kigingi cha Saba

Dada yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe, shemeji na watoto. Natumaini mgongo wako umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili tu, usingizi umenikimbia.

Lile shimo la mgodi lililommaliza baba mapafu sasa ni ziwa. Maji yamefunika barabara za malori, mchanga umemwagwa pembeni, na boti za pedali zimepakwa rangi kama peremende. Ungecheka. Meneja wetu, tunayemwita Bwana Kesho, safari hii ana haraka: ufunguzi ni Jumamosi, na kanieleza kwa furaha kwamba watoto arobaini wa shule yako wataimba juu ya ukingo wa mashariki.

Kazi yangu unaijua. Kila asubuhi napima vigingi vilivyochomekwa ukingoni, nione kama udongo umetulia. Upande ule ni kifusi cha mgodi kilichorundikwa tu, na maji yakipanda kinalowa kwa chini. Wiki tatu zilizopita kigingi cha saba kilisogea upana wa kidole. Meneja akasema labda kimegongwa na mbuzi. Juzi kilikuwa kimesogea shubiri nzima, na nyuma yake kuna ufa unaomeza mkono wangu. Akaniambia nikirudishe mstarini kabla mkaguzi hajafika, akanikumbusha kwamba mkataba wangu unaisha mwezi huu na mke wangu ni mjamzito. Alisema kwa upole, kama mtu anayeulizia hali ya nyumbani.

Dada, nilikirudisha. Nilikipigilia kwa mkono huu unaoandika, nikafukia ufa kwa koleo. Mkaguzi alipima, akaridhika, akatia sahihi. Naona aibu mbele yako wewe uliyenilea. Leo asubuhi kimesogea tena.

Usiwalete watoto. Ukikataa peke yako watampa mwalimu mwingine kazi hiyo, kwa hiyo isome barua hii yote kwenye kikao cha wazazi Alhamisi. Nakujua, utataka kuficha kwamba aliyeandika ni mdogo wako, maana damu ni nzito kuliko maji. Usifiche. Dereva wa lori la mchanga atakukabidhi barua hii mkononi. Ningeweza kupiga simu, lakini maneno ya simu kesho nikiogopa nitayakana.

Wasalimie wote. Mke wangu anakusalimu sana, naye bado sijamwambia.

Ni mimi mdogo wako,
mpima ukingo