Huyo Mtoto Asiyelia

Leeds, Uingereza

Kwa Mama yangu mpendwa, huko Saboti,

Nakusalimu Mama, kisha nakusalimu tena. Magoti yako yanaendeleaje na hiyo baridi inayoshuka kutoka mlimani? Mahindi mmeshapalilia? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anawasumbua? Sisi huku tuko, tunapumua.

Dada Nafula, najua ni wewe unayemsomea Mama barua hii, na najua huwa unaruka maneno makali ili nyumba itulie. Leo usiruke hata moja. Ukiona haya, soma hivyo hivyo.

Mke wangu Nasimiyu amejifungua msichana. Mtoto alitoka mzuri, kila mtu alisema hivyo. Baada ya siku chache muuguzi akaja hadi nyumbani na mkoba wake, akamchoma kisigino, akadondosha damu kwenye karatasi. Huku kila mtoto anachomwa hivyo, awe wa tajiri au wa mtu kama mimi anayeosha wazee wa watu. Nikamtania Nasimiyu kwamba wazungu hawaachi damu ya mtu hata kabla hajafungua macho vizuri. Tukacheka, tukasahau.

Kisha simu ikalia. Tulitakiwa hospitali siku hiyo hiyo.

Daktari alikuwa binti mdogo tu. Alituchorea shingo ya mtoto, akatuonyesha tezi ambayo hutengeneza kitu cha kukuza mwili na ubongo. Ya binti yetu haifanyi kazi. Akasema tusiogope, tumewahi. Halafu akauliza kama tuna mtoto mwingine. Nasimiyu akasema yuko mmoja, yuko nyumbani kwa bibi yake. Daktari akaanza kuuliza polepole. Alipozaliwa alikuwa analala sana? Mlikuwa mnamwamsha anyonye? Manjano ya macho yalikawia kutoka? Kitovu kilitokeza? Choo kilikuwa shida? Kila swali, Nasimiyu aliitikia kwa kichwa. Alipoulizwa kama ulimi ulikuwa mnene unaojaza mdomo, aliinuka akatoka nje. Mimi nikabaki pale na mtoto mapajani.

Mama, unaikumbuka siku tuliyomleta mwanetu Makokha kutoka hospitali ya Bungoma? Kwetu mtoto akilia bila sababu, akina mama wazee humtajia majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka anyamaze, na hilo alilonyamazia ndilo jina lake. Mimi uliniambia nilimaliza ukoo mzima ndipo nikanyamaza. Lakini huyu ulimtajia jina la Baba mara moja tu, na hakutoa sauti. Kesho yake pia kimya. Ukapiga vigelegele, majirani wakaja kumwona. Ulisema, "Mzee amefika, bana! Hana neno na mtu. Mwacheni arare." Nasimiyu alipokwambia anaogopa kwa sababu mtoto hanyonyi vizuri, ulimjibu mbele ya watu, "Ati mtoto akinyamaza ni mgonjwa? Si ni vile kwenu Chwele mmezoea kelele!"

Tukachinja jogoo. Mama, tuliuchinjia ugonjwa jogoo, tukaupakulia wageni mchuzi.

Na miaka ilipopita, mtoto hakai, hatembei, hasemi, ulimgeukia Nasimiyu. Ulisema watu wa Chwele wamemla mtoto ulimi. Ulimwambia, "Umenizalia gunia." Nilikuwa nimesimama hapo. Neno hilo alipanda nalo ndege, na bado analo.

Sasa sikiliza. Dawa ya ugonjwa huu ni kidonge, Mama. Ni kidogo kuliko punje ya mahindi. Nasimiyu anakisaga kila asubuhi kwenye kijiko, anakichanganya na maziwa, mtoto anameza, basi. Atakipata maisha yake yote na atakuwa mtoto kama wengine. Makokha angekipata katika zile wiki za kwanza, wiki za vigelegele, leo angekuwa darasani. Barua hii angekusomea yeye. Nafula, rudia hapo.

Nilimwuliza daktari itakuwaje tukianza kumpa sasa. Akasema mwili utaamka. Ataacha kusikia baridi kila wakati, choo kitalainika, ngozi itakuwa nzuri, ataongeza kimo. Lakini kichwa, kile ambacho hakikujengwa wakati ule hakitajengwa tena. Kwa hiyo atakuwa mrefu, Mama. Atakuwa mrefu, na hatakuita bibi. Hata hivyo nataka apelekwe Kitale, apimwe, apewe dawa, kwa sababu kusikia baridi anasikia, na tumbo linamuuma kama la mtu yeyote.

Daktari akasema pia kwamba aina hii ya kwetu hutoka kwa wazazi wote wawili, upande huu na upande huu. Nusu yangu nimeitoa wapi kama si kwako au kwa Baba? Sisemi ili nikuumize. Au labda ndiyo, nasema ili uumie kidogo, maana Nasimiyu ameumia peke yake muda mrefu mno.

Haya, nije kwa barua yako ya mwisho. Umesema mke wa ndugu yangu Juma amezaa mvulana kule Endebess, na unataka jina la Baba litolewe kwa Makokha apewe huyo, eti Mzee hawezi kukaa ndani ya mtu wa namna ile. Kwa hilo peke yake ningenyamaza mwaka mzima bila kukuandikia. Lakini mstari uliofuata ndio ulioninyima usingizi. Ulisema, "Huyu sasa ndiye Mzee mwenyewe. Harii kabisa. Anarara tu, hata kunyonya tunamwamsha."

Mama, nilisoma hapo nikachukua simu.

Nilimpigia Juma, simu yake imezimwa. Nikakupata wewe kwa simu ya jirani, ukasema, "Usiniletee mambo ya wazungu, mtoto ameturia," ukakata. Nikapiga tena, jirani akasema umeshaenda shambani. Ndiyo maana nimempa barua hii mwenzangu wa Kimilili anayepanda ndege kesho. Nimemwambia asinywe hata chai kwao kabla hajafika Saboti.

Huenda mtoto wa Juma ni mpole tu. Nilimweleza daktari, akasema si lazima awe na ugonjwa huu, lakini apimwe bila kungoja. Mungu ajalie nionekane mjinga. Nikirudi mnicheke barazani, mniite mzungu mweusi, nitawanunulia na kondoo. Lakini achukuliwe damu. Kama Kitale hawapimi, apelekwe Eldoret. Na jogoo asiguswe.

Jina la Baba ni la Makokha. Halihamishwi. Mtoto tayari amenyang'anywa kila kitu.

Binti yetu ameanza kulia. Ile dawa imempa sauti, analia amekunja ngumi mpaka majirani wanagonga ukuta. Nasimiyu hambebi mara moja. Anasimama mlangoni anamsikiliza, machozi yanamtoka, ndipo anamchukua. Siku hizi simuulizi kitu.

Nisalimie mjomba anayetulimia kwa maksai, nisalimie shangazi wa kwaya, na wale watoto wa jirani wanaomfukuzia Makokha nzi. Mama mkwe wangu kule Chwele usimtumie salamu kwa mtu. Panda uende mwenyewe, ukae kwake, umweleze kwa mdomo wako kile daktari alichosema. Uchaguzi ni wako, lakini binti huyu hataletwa nyumbani kabla hujaenda.

Nafula, umemaliza kusoma. Makokha bila shaka yuko pale mlangoni kwenye gunia lake. Mshike mkono umwambie baba yake anamsalimu, hata kama hataelewa. Kisha chukua leso yako uende Endebess leo, usingoje Mama akubali. Na ukimkuta mtoto wa Juma analia, usirudi. Mbebe uende naye Kitale hivyo hivyo akilia.

Ni mimi mwanao, nduguyo,
Wekesa