Kitabu Chako Kilichopinda

Kwako Sindano,

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu yeyote, hata mama, na wewe ndiye uliyestahili kulisikia wa kwanza. Lakini salamu kwanza, usije ukasema nimepoteza adabu. U hali gani? Mama yako anaendeleaje na mgongo, na baba amezoea kazi huko alikohamishiwa? Sisi hatujambo. Kaka bado anakoroma, na mama bado anakuulizia; anasema tangu uondoke hakuna wa kumaliza chai kwenye birika.

Habari niliyonayo si njema. Mzee Gundi amefariki. Alikutwa ameketi kwenye kiti chake, katika kile chumba chake cha kushonea vitabu nyuma ya maktaba ya shule, miwani usoni na kitabu cha jiografia mapajani. Mwalimu wa maktaba alidhani anasoma. Tulimzika Jumanne, watu tisa, ukiwahesabu na wachimba kaburi. Hakuna ndugu aliyejitokeza. Jina lake halisi nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza, na halikufanana naye hata kidogo.

Unakumbuka tulivyobishana ametoka wapi? Mlinzi alisema aliwahi kuwa hakimu; mpishi wa shule akaapa kwamba alimtoroka mkewe. Wewe ukamuuliza mwenyewe, macho makavu, naye akakujibu kwamba ametoka pale kwenye kiti, akaja mlangoni kutufungulia, basi. Na ile droo yake ya kufuli! Ulisema ina dhahabu, mimi nikasema ina barua za mapenzi.

Utepe pia hujausahau, najua. Kila alipotengeneza kitabu alikata utepe wa karatasi, akaandika ugonjwa wa kitabu, dawa yake na jina la aliyekitibu, kisha akaugandisha ndani ya mgongo wa kitabu, chini ya jalada, pasipoonekana. Alituambia kwamba ipo siku kitabu kitavunjika tena, na fundi atakayekifungua anastahili kuelezwa ukweli.

Sasa nafika ninapopaogopa. Mwaka ule tulipokuwa na miaka kumi na miwili, alipotutaka kila mmoja ashone kitabu chake mwanzo hadi mwisho, akasema atakayeshinda atafanya kazi naye likizo nzima, nilikiona chako. Mshono ulinyooka kama uliopigiwa rula. Changu kilikuwa kama meno ya babu yangu. Ulikiweka chako kwenye mashine ya kubania, gundi ikiwa bado mbichi, ukakimbia kumchukua mdogo wako shuleni, ukaniomba nikutazamie. Nilikutazamia. Kisha nikalegeza parafujo mizunguko mitatu, nikaenda nyumbani kula.

Kesho yake kilikuwa kimepinda kama kigae. Ulikishika, ukacheka kidogo, ukasema mikono yako ni ya kuoshea vyombo tu. Hukukanyaga tena chumba kile. Likizo nikaipata mimi. Muhula uliofuata mkahama, na katika barua yako ya mwisho uliniandikia kwamba huko kuna darasa la ufundi lakini hukujiandikisha, kwa sababu mikono yako unaijua. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko kitabu chochote, na unajua ninavyosoma.

Mzee Gundi hakuniuliza kitu. Alinifundisha kwa upole uleule, miaka mitatu, nami nikajiambia kwamba hajui.

Juzi mwalimu wa maktaba aliniita tuvunje kufuli ya droo. Ndani yake mlikuwa na vitabu sita vidogo alivyoshona yeye mwenyewe akianza kujifunza, vyote vimepinda. Juu yavyo palikuwa na chako. Alikuwa amekifumua, akakinyoosha na kukitia jalada jipya. Nilijua utepe umo. Nilisubiri mwalimu atoke, nikaufungua mgongo kwa wembe.

Aliandika hivi: “Ugonjwa: mashine ililegezwa gundi ikiwa mbichi. Mshonaji hana kosa. Mshono wake unaushinda wangu. Aliyelegeza:” na hapo akaacha nafasi. Miaka mitatu nimeketi hatua mbili kutoka kwenye droo hiyo, Sindano, naye alikuwa ameniachia nafasi ya kuandika jina moja tu.

Sikuombi unisamehe leo. Naomba tu uache kuisingizia mikono yako. Nisalimie mama na baba, na mdogo wako, ambaye nadhani siku hizi anarudi mwenyewe kutoka shule.

Nilichukua kalamu nikaandika jina langu kwenye ile nafasi, lote, kama lilivyo kwenye daftari la mahudhurio. Nikaugandisha utepe mahali pake, nikakiweka kitabu kwenye mashine, nikakaza parafujo hadi mbao zikalia. Sikwenda kula. Nilikaa pembeni yake mchana kutwa mpaka gundi ikakauka, nikakifunga kwa karatasi pamoja na sindano ya Mzee Gundi na uzi wake uliobaki, nikaja posta. Barua hii naimalizia kwenye benchi, karani ananiita.

Ni mimi,
Kamusi, kama ulivyoniita