Blaise Anataka Kukata Muguu wa Mashua

Mama Odile mupendwa wa redio, wewe unajibu barua zetu, ninakuomba unisikilize kwa uvumilivu, kwa sababu haya mambo nikimuambia muntu anacheka, na mimi sicheki tena, niko na mutoto moja, Divine, wa miaka mitatu, na kwa ajili yake njo ninakuandikia.

Hapa kwetu karibu na beach, bandari ya mto, iko mashua moja nyeupe ya fibre, ile kama plastiki ngumu, si ya mbao, si ya chuma, Muzungu moja aliileta na treni kutoka Kalemie mbele ya vita, ilikuwa ya kutembea na upepo kwenye ziwa, ndani iko vitanda na mahali pa kupikia, na chini yake kunashuka kitu kirefu kama muguu, ndani ya ule muguu walitia risasi, ile nzito wavuvi wanafunga ku nyavu, halafu wakafunika na fibre. Vita ilipofika Muzungu alikimbia, mashua ikabaki imesimama ku magogo kati ya nyasi. Wakati ule mji ulifungwa, hakuna muntu wa kufika shambani, njaa kila nyumba, mama yangu Jeanne akajificha mule ndani pamoja na mimi, nilikuwa mutoto wa kubebwa tu, siku moja akatoka kutafuta sombe, majani ya muhogo, hakurudi mupaka leo. Mama Francine, ule alinilea, anasema alipita pale akasikia ndani ngo, ngo, ngo, akafikiri ni askari, lakini miguu ikamupeleka yenyewe, akanikuta peke yangu chini ya mbao za kukanyagia, nimelala, mikono yote miwili imefungwa ndani ya kikwembe. Mupaka leo ananiuliza, "Déborah, mwanangu, wewe ulipiga na nini?"

Sasa mwenye kiwanja alimupa bwana yangu Blaise ile mashua ili amuondolee pale. Nilifurahi, Mama, sikufichi, nilijiambia pahali niliokoka njo patatulisha. Blaise anataka kuitia moteri abebe watu na mizigo ku mto mupaka Lokandu. Wenzake wanamucheka, wanamuita Komanda Bila-Maji. Shida njo ule muguu, ni murefu, utakwama ku muchanga. Basi anasema ataukata, risasi atauzia wavuvi.

Tangu aanze kusema vile, Divine hatoki tena mule. Jua likianza kushuka mashua inapiga, ngo, ngo, ngo, mutoto naye anapiga na kamukono kake, inajibu. Nikamuuliza, "Unaongea na nani?"

"Na koko."

"Koko gani?"

"Koko wa chini. Anasema wasimukate muguu, atashindwa kusimama."

Mama Odile, mutoto huyu hakuna muntu alimuambia habari ya koko yake, Jeanne, mama yangu. Mimi mwenyewe sijamuambia, nilikuwa ninangoja akomae.

Juma iliyopita Blaise aliazima mashini ya kukatia, akaanza. Kupasua kidogo tu, kukatoka maji ya rangi ya chai, ya kunata, yananuka kama siki. Divine alipiga kelele, akashika goti lake mwenyewe. Blaise akaweka mashini chini, lakini mama mukwe akamuambia, "Unaogopa maji? Muke wako alitoka mu tumbo ya hii mashua, njo maana anaipenda kukupita wewe." Basi amekaza roho. Atamaliza kukata, na siku ya kuiteremusha anataka mimi na mutoto tuwe wa kwanza kupanda, tukae juu ya dari na vikwembe vya sikukuu, ili watu waone haina hatari. Nikikataa wataniita mulozi. Nikikubali, Mama, ninaogopa hata kuandika. Si muntu mubaya, Blaise. Akipata kipande cha samaki anamuwekea mutoto kwanza. Nifanye nini?

Déborah, Kindu


Déborah binti yangu, pole sana kwa mama yako. Sasa pangusa macho, kwa sababu nina ugomvi na wewe.

Unaachaje mutoto wa miaka mitatu acheze chini ya fibre inayotoa maji? Ile harufu si ya mizimu. Fibre ikinyeshewa miaka na miaka, maji yanaingia polepole mupaka ndani ya nyama yake na yanageuka makali. Leo hii muoshe mikono na sabuni, na asilale mule tena. Na ule mulio: mashua za namna ile mara nyingi zina ngozi mbili, moja ya nje, moja ya ndani, na katikati ni utupu. Jua linazipasha, jioni zinapoa, lakini hazipoi pamoja, basi zinagongana. Hilo njo jibu langu kwa mulio wa leo. Kwa mulio Mama Francine alisikia wakati ule, sina jibu, na sitakutungia.

Lakini mutoto amesema kweli. Baba yangu alitengeneza balenieri, zile mashua kubwa za mbao za mto, pale beach maisha yake yote, na mimi nilikua nikimupokeza misumari. Balenieri yetu chini ni sawa kama meza, njo maana inasimama. Ile ya Muzungu chini ni ya mviringo kama kibuyu. Wenye kuichora walijua upepo utaisukuma ubavuni, wakaweka uzito wote chini, ndani ya muguu, ili ikilala ijiinue yenyewe. Toa ule muguu, kalisha watu juu ya dari, itageuka hata haijaacha ukingo. Na wa juu kabisa njo wewe na Divine.

Kwa hiyo hupandi. Mama mukwe akuite mulozi hata sokoni, hupandi. Mulozi aliye hai anaweza kulea mutoto, kupika na kujibu matusi.

Na wewe Blaise, ninajua redio iko wazi hapo kwako. Weka mashini chini. Kama huniamini, chukua kibuyu, kikalishe mu maji, halafu weka jiwe juu yake. Muite mama yako aangalie. Ziba pale ulipasua, muombe mwenye kiwanja akupangishe pale, acha mashua ku magogo, ufungue mulango wake, muuzishe chumvi na mafuta mule, watu watakuja hata kwa kuiona tu. Ukitaka mto, jenga balenieri ya mbao. Hakuna atakayekucheka, Komanda.

Déborah, neno la mwisho. Jeanne hakufanyiwa matanga. Enda na Mama Francine, na Blaise pia, mukae pale chini ya mashua, mulie kama inavyofaa, musali. Mutoto mubebe mugongoni. Mukimaliza, piga ile fibre na mukono wako mwenyewe, useme kwa sauti: "Mama, nilitoka. Niko na mutoto. Unaweza kupumuzika."

Kisha ngoja jioni ifike. Ikiendelea kupiga, ni jua, nilikwisha kukueleza. Ikinyamaza, binti yangu, usiniandikie. Niachie mimi ngozi zangu mbili.