Aliyesimama Ng'ambo ya Bwawa

Alhamisi, 9 Oktoba

Mahfudh mwanangu,

Rayya kaipiga pasi kanzu yako tena. Kaitundika mlangoni kwenu kama kila Alhamisi, tayari kwa Ijumaa. Hakuna aliyemwambia mkeo afanye hivyo. Hakuna aliyemkataza. Nimepita nikaigusa mkono. Bado ya moto.

Mamako hataki tena tukutaje mezani. Analia, chakula kinapoa. Basi nakuandikia hapa, yaani najiandikia mwenyewe. Sikusoma sana, unajua. Nilikuwa dereva wa serikali, nilizoea kuandika kilomita na petroli tu.

Mchana alikuja mama yake Rayya kutoka kwake Hamriya. Kakaa chumbani na mamako muda mrefu. Nimesikia yote. Wanawake wakinong'ona husikika kuliko wakisema. Anataka mwanawe ajulikane, ni mke au ni mjane. Wadi, bonde lile kavu, ilishuka na mafuriko mwezi wa nne. Gari lako walilikuta juu ya mawe, milango wazi, wewe hukuwamo. Waliokuona ukichukuliwa na maji wapo. Kadhi kasema baba akifika mbele yake akakubali, ataandika kuwa umekufa. Utasaliwa ghaibu, bila maiti, Rayya atakaa eda, itamalizika, ataishi maisha yake. Wote wamekubali isipokuwa mimi.

Sikubali. Sijaona maiti.

Magharibi rafiki yangu Seif kapiga simu. Anataka kesho twende bwawani kuvua. Anasema joto limevunjika, perege wanapanda juu. Nimeitikia kabla sijafikiri.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Seif alinipitia baada ya alfajiri. Kaja na chapati, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai ya maziwa. Tangu tulipokaa dawati moja skuli Unguja mpaka leo ana gereji yake huku Ghala, sijamwona akisafiri bila chakula. Njiani alinicheka. Kasema ndoana yangu ni ya kuvulia jirani, si samaki. Nikamwambia jirani yangu mwembamba, yeye na tumbo lake ndiye wa ndoana hii. Ilikuwa zamani sijacheka.

Tulipokata kona ya mlima tukaliona bwawa.

Maji yametulia kama kioo. Yameshuka. Juu ya majabali upo mstari mweupe yalipofikia mwezi wa nne, juu kabisa, juu ya vichwa vyetu. Mitende ya shamba la zamani imesimama ndani ya maji bila makuti, vigogo vitupu. Hakuna ndege. Seif alipiga chafya, chafya ikarudi kutoka mlimani. Ilirudi imechelewa.

Tukakaa juu ya jabali bapa, tukakanda chambo cha mkate. Wewe ulikuwa ukitia marashi kidogo kwenye chambo. Ukisema samaki nao wanapenda kunukia. Nilikugombeza kwa kumaliza marashi ya mamako. Leo sikutia kitu.

Nilipata wa kwanza. Mnene, mweusi mgongoni. Nikamtoa ndoana nikamrudisha. Maji haya ni ya wadi ile. Wanachokula samaki hawa sitaki kukijua. Nyumbani hatujala samaki tangu siku ile. Seif aliniangalia. Kisha akamtoa wake ndooni, akamrudisha majini naye. Seif, anayehesabu hata miiba ya samaki kwenye sahani ya mwenzake.

Jua lilipopanda nikamwona.

Ng'ambo, chini ya ukuta wa jabali jekundu, mtu kasimama ndani ya maji. Yamemfika kiunoni. Kifua wazi, kichwa wazi. Katugeuzia mgongo, anautazama ukuta. Bega la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Wewe ulivunjika mfupa wa bega hilo ulipoanguka kwenye ngazi za skuli. Nilikubeba mwenyewe hospitali, ukiniomba nisimwambie mamako.

Maji hayakucheza pembeni mwake. Hata duara moja.

Nikamuuliza Seif, anamwona yule? Akatazama. Akatazama muda mrefu mno.

"Namwona mbuzi," kasema.

Kisha akaanza kukusanya. Alivuta mshipi wake haraka hata ukamkata kidole, damu ikaanguka kwenye jabali. Seif hajawahi kuondoka bwawani kabla ya alasiri. Kasema tutakosa sala ya Ijumaa. Kanishika mkono kama mtoto mpaka garini. Nilipogeuka hapakuwa na mtu.

Tulisali msikiti wa njiani. Sikumbuki khutba.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimemwambia mamako. Nilidhani atapiga kelele. Kaweka kijiko chini, kaniuliza:

"Kakonda?"

Nimesema nilimwona mgongo tu. Kaingia chumbani.

Rayya alikuwa mlangoni na sinia. Kasikia.

Jumapili, 12 Oktoba

Rayya kaosha nywele. Kafungua madirisha ya juu, kafukiza udi chumbani kwenu. Nyumba nzima inanukia kama siku tuliyomleta. Mchana kaweka sahani moja zaidi. Mamako kaitazama ile sahani, kanitazama mimi. Hakuiondoa.

Mama yake kapiga simu, anataka kuja kumchukua. Rayya kamwambia hendi popote, mumewe yu hai. Kamwambia kwa furaha. Anaimba akifagia ngazi.

Naogopa. Sijui naogopa nini zaidi, kuwa nimekosea au kuwa sijakosea.

Jumatatu, 13 Oktoba

Seif hapokei simu.

Nimekwenda gereji kwake. Mafundi wanasema tajiri katoka. Gari lake lipo kivulini. Viatu vyake viko nje ya mlango wa ofisi. Nimesimama kidogo, kisha nimerudi nyumbani Khuwair. Hata ugomvi hatuna.

Jumatano, 15 Oktoba

Kesho nakwenda peke yangu. Nimemwambia mamako tu, lakini nyumba hii haina siri.

Rayya alitaka kufuatana nami. Nimekataa. Baada ya isha kaja sebuleni na mfuko. Ndani yake kanzu yako, kaikunja vizuri, na kofia juu yake.

"Baba, mpelekee. Atakuwa karowa."

Alisema hivyo hivyo tu, kama mtu anayepeleka nguo kwa mgonjwa. Nimeupokea. Ningefanyaje?

Msichana huyu hajatimiza miaka thelathini. Uso wake umerudi kama alivyokuja. Mimi ndiye niliyemrudishia uso huu. Nisiporudi nawe, ni mimi nitakayeuondoa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimerudi salama. Mikono inauma kwa mawe, lakini nataka kuandika leo.

Nilifika asubuhi. Bwawa lile lile, kimya kile kile. Nikakaa kwenye jabali letu bapa. Damu ya Seif bado ipo, imekauka nyeusi. Nikangoja. Ng'ambo hapakuwa na mtu. Nikapaza sauti nikakuita mara moja. Jina lako likarudi kutoka mlimani. Halikurudi kwa sauti yangu. Au labda sauti yangu imekuwa hivyo siku hizi.

Nikachukua mfuko wa kanzu na mishipi yangu, nikazunguka kwa njia ya mbuzi. Ni mbali, na miguu yangu si ile. Niliteleza mara mbili kwenye mawe. Mwisho nikatokea juu ya ukuta mwekundu, nikashuka mpaka kwenye kijukwaa cha jiwe, maji yapo chini ya miguu yangu. Palikuwa papo hapo. Nilipajua kwa kigogo kimoja cha mtende kilichoinama upande.

Nilitaka kuingia. Naandika kweli. Nilivua viatu. Nilitaka kusimama pale uliposimama, maji ya kiuno, nikuone uso.

Lakini mvuvi haingii maji asiyoyajua. Ni mazoea ya mkono tu, hayakungoja akili. Nikafunga chubwi ya risasi kwenye mshipi nikaiteremsha nipime kina.

Mshipi ukaenda. Ukaenda. Ukaisha mkononi, na chubwi haijagusa kitu. Nikaunga mshipi wa pili. Nao ukaisha. Ukuta ule unashuka wima ndani ya maji, na mwisho wake sikuupata.

Nikakaa nimeushika. Nilielewa polepole. Hapa hakuna pa kuweka mguu. Hapa hasimami mtu.

Nikaanza kuuvuta. Katikati ukawa mzito. Si uzito wa samaki, samaki hupiga, hukimbia huku na huku. Huu ulitulia. Haukuvuta, haukusukuma. Kama mtu kaushika kwa vidole, anangoja niseme kitu. Nikasema tu, "Haya, mwanangu."

Ukaachiwa.

Chubwi ikaja juu tupu. Nikalia kama sijalia tangu mwezi wa nne.

Nilipoinua macho, ng'ambo kwenye jabali letu kasimama mtu wa nguo nyeupe, ananitazama. Roho ilinitoka. Kisha akapaza sauti.

"Saidi! Usishuke! Nakuja huko!"

Alikuwa Seif. Mamako kampigia simu.

Na unene wake ule alizunguka njia yote ya mbuzi. Alifika kaloa jasho, kanzu imechanika, hawezi kusema. Akakaa kando yangu akanishika nguo nyuma, kwenye mgongo, akaikamata kwa nguvu. Aliikamata muda wote tuliokaa pale. Mara pumzi ikamrudia.

"Nilimwona," kasema. "Siku ile. Nilimwona kabla yako."

Nikamuuliza kwa nini basi alisema mbuzi.

"Kwa sababu mwezi wa nne nilipanda boti na wapiga mbizi. Walipima hapa, hawakufika chini. Nilijua, Saidi. Aliyesimama pale hakusimama kwa miguu. Ningekwambia namwona, ungemfuata."

Akasema ni mamako aliyemwomba anilete kuvua, aseme nami polepole juu ya Rayya. Alikuwa kajipanga maneno njia nzima, kisha akakuona wewe, maneno yakamkauka. Ndiyo maana alijificha ofisini. Kasema hata viatu alisahau kuviingiza ndani.

Sikumkasirikia. Tulisali adhuhuri juu ya jiwe lile, yeye imamu. Alipanda mbele yangu njia ya kurudi na kila hatua akanipa mkono. Akasema tukianguka wote wawili watu wa boti watahitaji boti kubwa. Sikucheka, lakini nilimshukuru kwa kujaribu.

Nyumbani Rayya alikuwa ngazini. Aliutazama mfuko mkononi mwangu. Kanzu imekunjwa kama alivyoikunja, kavu. Nikamwambia, "Mama, samehe. Nilikosea kuona."

Akauchukua. Akauweka kifuani. Akasema, "Mie nilijua, Baba. Nilitaka tu siku chache."

Mamako akamfungulia mikono.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimekwenda mbele ya kadhi. Seif kanipeleka, kakaa nyuma kabisa. Kadhi ni kijana, mpole. Kaniuliza kama nakubali kwa hiari yangu kuwa mwanangu Mahfudh kafa kwa maji. Nikasema nakubali. Kaniuliza kwa nini leo na si kabla. Nikasema mzee huchelewa. Hakuniuliza tena.

Sikumwambia mengine. Si mambo ya mahakama.

Kurudi tulipita Ghala. Seif kaninunulia juisi ya ndimu. Tumekaa garini na kiyoyozi. Ilikuwa vizuri.

Jumanne, 21 Oktoba

Rayya kaanza eda. Hana wanja, hana udi, hana dhahabu. Kakaa chumba cha chini na mamako, wamelaza magodoro sambamba. Mama yake kaja kutoka Hamriya na vyombo vyake, kasema atalala hapa hapa mpaka mwanawe amalize. Kumbe ni mtu wa maneno matamu. Jikoni wanawake watatu, na mimi nafukuzwa.

Rayya kaniuliza kupitia mlango kama akimaliza eda nitamkasirikia akienda kusoma tena. Nimemwambia nitampeleka mwenyewe kila asubuhi, mimi dereva.

Ijumaa, 24 Oktoba

Umesaliwa leo. Baada ya sala ya Ijumaa imamu kalitaja jina lako na la babu yako. Safu zilikuwa nyingi. Vijana wengi sikuwajua, wamekujua wewe. Hakuna jeneza mbele, sakafu tupu na zulia. Nilidhani nitashindwa kusimama. Nimesimama.

Seif alikuwa kushoto kwangu. Alipotoa salamu uso wake ulikuwa umeloa.

Nyumbani mamako kaniuliza, sala ilikuwa fupi? Nikamwambia fupi, haina rukuu wala sijida. Kasema vizuri, Mahfudh hakupenda marefu.

Sasa alasiri. Nyumba imetulia. Hewa imeanza kuwa nzuri, tumefungua milango. Nitakuombea kila sala, mwanangu, mpaka niishe. Nawe huko uliko, unikumbuke mimi babako.