Pole ya Mgongo

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na bwana wako, na huyo mtembezi mdogo ambaye nasikia siku hizi hakuna droo inayomshinda. Sisi huku tu wazima. Mwanao anakusalimu sana na anataka mama yake mdogo ajue kwamba meno ya mbele yameota yote, sasa anatafuna karoti kama sungura. Mama naye alikuja wiki iliyopita. Aliingia jikoni kabla hajaketi, akakagua sufuria zangu moja moja kama afisa wa afya, halafu akasema zimepita, ila kwa shida. Nilifurahi kumwona akitania. Tangu dada yako atutoke, mama hakuwa na utani.

Barua yako niliipata. Niliiweka kwenye meza ya kazi chini ya mkasi mkubwa, na kila nilipouinua mkasi niliisoma tena, mpaka kochi la watu likachelewa. Unaniuliza jambo moja tu. Kwa wakili wa mazingira anayeanza, haya makongamano yana faida yoyote, au ni kunywa chai ya watu na kurudi na mkoba? Unasema umealikwa la mwaka huu, na jibu linatakiwa kabla mwezi haujaisha. Mkuu wako wa ofisi anasema sheria zimo vitabuni, hazimo hotelini. Bwana wako anauliza mtoto atabaki na nani. Mwishoni umeandika kwamba hata dada yako, aliyeyapenda makongamano kuliko wengine wanavyopenda harusi, alifika mahali akakuambia ni kupoteza muda. Kwa hiyo umekaribia kukataa, ila unataka kunisikia mimi kwanza, kwa kuwa mwaka jana nilikwenda.

Ni kweli nilikwenda, waliponialika kwa kumbukumbu ya dada yako, na sikukusimulia vizuri. Nilikuambia ilikuwa salama, basi. Acha leo nisimulie.

Nilivaa ile suti ya kijivu ambayo dada yako alinichagulia, aliyosema inanifanya nifanane na mtu anayelipa kodi. Mlangoni nilipewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Wenzangu wote waliandikiwa kazi zao chini ya majina, huyu wakili, yule mhadhiri, yule mtafiti. Binti wa mapokezi alinitazama, akaitazama orodha yake, akaniuliza aniandike nani. Nikamwambia mimi ni fundi makochi. Akacheka kwa adabu, akaandika "Mgeni".

Shemeji, sitakudanganya, nusu ya siku ilikuwa usingizi mtupu. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuja na picha zake za ukutani, projekta ikazima, na yeye akaendelea kutuonyesha kwa kidole ukuta mweupe. Mwingine alisoma karatasi yake neno kwa neno, na alipofika mwisho akasema kwa ufupi ni hivi, akaanza upya. Jirani yangu alikuwa anakubali kwa kichwa kila kitu. Nilidhani ni msikivu sana, kumbe anasinzia. Watu waligawiana kadi za majina kama peremende, na jioni nikaziona nyingine zimebaki mezani chini ya vikombe. Kama ungeniuliza saa ile, ningekuambia mkuu wako ana haki.

Lakini unanijua, mimi husoma viti. Viti vya ukumbini vilikuwa kama vimetoka dukani juzi, sponji imejaa, kitambaa hakijapauka. Nikatoka kwenda ubarazani kwenye meza ya chai. Kule viti vimekwisha kabisa! Ukikaa unazama mpaka unagusa mbao. Nikajisemea, basi watu wa mkutano huu hukaa huku.

Na ndivyo ilivyokuwa. Pale penye chai nilimkuta mama mmoja mnene mwenye sauti ya sokoni, ambaye wote wanamwita Daktari wa Maji. Kazi yake ni kupima maji na udongo, na kusimama mahakamani kueleza alichokikuta. Alipojua mimi ni mume wa nani, alinishika mikono yote miwili na chai yake akaisahau. Akanieleza kwamba yeye na dada yako walijuana kwenye foleni ya chai kama ile, birika lilipoishiwa wakabaki wamesimama na vikombe vitupu. Dada yako, badala ya kulalamika, akaanza kumweleza habari za kile kijito kinachopita nyuma ya kiwanda cha ngozi, jinsi maji yanavyobadilika rangi na watoto wanavyojikuna. Daktari wa Maji alinuna mwanzoni, maana kila mtu anayemkuta humtaka apime bure. Lakini mwezi uliofuata alikuja na chupa zake. Vipimo vile ndivyo vilivyomo kwenye lile faili la kesi ulilorithi kwa dada yako, shemeji. Vilianzia kwenye birika lililoisha.

Nilimuuliza, kwa niaba yako bila kujua, kama kweli mtu hawezi kufanya kazi hii akiwa ofisini kwake na simu. Akasema sheria utaisoma hata kitandani. Lakini kesi ya mazingira haisimami kwa sheria peke yake, inasimama kwa mtu wa maji, mtu wa mapafu, mtu wa ramani, na wakili mwingine aliyekwishapigwa na kiwanda cha namna hiyo na akajua kinapiga wapi. Watu hao ukiwapigia simu hawajawahi kukuona, utasubiri mpaka uote mizizi. Wakishakunywa chai na wewe, wanapokea. Akaongeza kwamba makongamano mengi ni takataka, na kwamba yeye huchagua moja kwa mwaka. Haulizi nani atazungumza jukwaani, anauliza nani atakuwepo.

Halafu akapaza sauti, watu wa meza nzima wakageuka: "Kumbe wewe ndiye Bwana Mgongo!"

Ndilo jina langu kule, shemeji. Wote walilijua. Kijana mmoja wa misitu alinipa pole ya mgongo. Mama mwingine akasema ana mafuta mazuri ya kuchua, atanitumia. Wakili mmoja mzee, ambaye hukohoa kabla ya kila sentensi, alinivutia kiti na kuniambia nisisimame sana. Huyo mzee ndiye aliyewahi kukishinda kiwanda cha ngozi kama chenu. Mwaka ule dada yako alioahirisha kwenda dakika ya mwisho, mzee alikuja na mkoba mzima wa karatasi kwa ajili yake, wakae pamoja. Akaurudisha nyumbani kama ulivyokuja. Hotuba ya dada yako ilisomwa na mtu mwingine, haraka haraka, na hakuna aliyeuliza swali.

Mimi nilicheka nao. Nilishika kiuno, nikasema mgongo sasa afadhali.

Mchana wakaniita mbele kupokea kile kibao cha kumbukumbu ulichokiona sebuleni. Mwenyekiti alisema maneno mazuri juu ya dada yako. Kisha akanigeukia, akasema nyuma ya mwanamke yule alikuwepo mume aliyempa nafasi. Nikapigiwa makofi. Shemeji, walisimama! Nami nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu, nikasema asanteni, nikarudi kukaa.

Sasa nimefika pale ambapo mkono umekuwa mzito tangu barua yako ije. Mwaka ule dada yako alipobaki, mgongo haukuniuma.

Mara ya kwanza uliniuma kweli. Nilikuwa nimenyanyua kochi peke yangu, na dada yako akabaki nyumbani kunikanda. Kongamano lililofuata, uliuma kidogo, nami nikauongezea. Hiyo ya mwisho haikuwa na maumivu hata chembe. Hotuba yake ilikuwa tayari. Unajua alivyokuwa akifanya mazoezi? Alichukua mito ya makochi ya wateja, akaipanga mstari kwenye benchi langu, akaihutubia. Mto mmoja wa rangi ya maziwa aliuita mheshimiwa hakimu. Akamaliza, akaniuliza nimeelewaje, na mimi nikasema nimeelewa yote, lakini nilichokuwa naona ni mwanamke anayeng'aa kwa jambo nisilokuwemo. Kila aliporudi kutoka kule alirudi na maneno mapya, na kicheko cha watu nisiowajua kwenye simu yake. Niliogopa. Niliogopa kwamba siku moja atarudi, aweke sanduku chini, anitazame vizuri na kuona kweli nilivyo, mtu wa sponji na misumari.

Asubuhi ya safari nikalala sakafuni. Nikaguna. Nilimsikia akifika mlangoni, halafu akafungua sanduku na kuanza kurudisha nguo kabatini, hanga moja moja. Akachemsha maji. Akanikanda kwa kitambaa cha moto, akiniuliza hapa, au hapa, na mimi nikaguna mahali ambapo hapaumi. Baadaye akatoka nje kupiga simu, na aliporudi alikuwa anafuta macho, amecheka. Akaniambia wenzake wote wanaupa pole mgongo. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilifurahi kwamba nimewashinda wenzake na ukumbi mzima. Kabla mwaka haujageuka ugonjwa wa kweli ukaingia nyumba ile, na haukunijia mimi.

Na kuna neno la Daktari wa Maji nililolificha pale juu. Aliponiita Bwana Mgongo, alieleza na jina lilivyozaliwa. Alisema siku ile dada yako aliwapigia simu, wakaweka sauti mezani wasikie wote, naye akawaambia wamsamehe, kwa sababu mgongo wa mume wake una kalenda yake, hujua tarehe ya kongamano hata kabla ya yeye kuletewa barua. Meza nzima ilicheka. Daktari akanisimulia hayo akidhani ni utani wa mke na mume na kwamba ninaujua.

Alijua, shemeji. Alirudisha zile nguo kabatini akijua. Alinikanda akijua, na aliniuliza hapa au hapa akijua hakuna hapa. Hakunitajia hata siku moja, mpaka mwisho wake. Sijui kwa nini alibaki. Huenda alinihurumia, huenda alichoka kunibembeleza. Nimejiuliza nikiwa nimeshika nyundo, nikiwa nimeshika kijiko, na wa kumuuliza hayupo.

Ila jambo moja nalijua. Ulipomuuliza mbona hakwenda, akakuambia makongamano ni kupoteza muda, hakuwa anakueleza habari za makongamano. Alikuwa ananifunika mimi. Hakutaka mdogo wake amdharau shemeji yake. Nawe umelibeba neno lile kama wosia, na sasa unataka kuipima kazi yako kwa hilo. Ndiyo maana nimeandika. Ningeweza kunyamaza ukaendelea kunipenda kama unavyonipenda, lakini ingekuwa nimelala sakafuni tena, na safari hii nimekuzuia wewe.

Nikasirikie. Unayo haki, na mama pia, nitamweleza mwenyewe akija kukagua sufuria. Usinisamehe kwa haraka kwa kuwa nimefiwa. Lakini swali lako nakujibu. Kongamano hili nenda, si kwa sababu yote yana maana, bali kwa sababu yule mzee wa kukohoa atakuwepo, na mkoba wake bado anao, aliniambia. Hotuba ndefu ziruke. Kaa kwenye viti vibovu. Baada ya hapo uamue mwenyewe kama kuna la mwakani.

Mtoto mlete kwangu siku moja kabla. Mwambie bwana wako asiwe na wasiwasi. Mwanao amekwisha kutoa wanasesere wake, na mimi nimezungushia sponji kona zote za meza ya kazi, misumari nimeipandisha rafu ya juu, na droo nimezifunga kwa ukanda wa viti. Nitambeba mchana kutwa akitaka.

Msalimie bwana wako, umbusu mdogo wetu. Mama ukimpigia simu, usimwambie haya, niachie mimi. Na huko ubarazani ukimwona Daktari wa Maji, mpe salamu zangu. Najua atakuuliza hali ya mgongo wangu. Mwambie ni mzima, na kwamba mwaka ule pia ulikuwa mzima.

Ni mimi shemeji yako,
Fundi Makochi